Ziwa la Magadi Linapojaa Maji

Nimelelewa Nakuru, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mtaa wa Kivumbini, na tangu utotoni nilifahamu kwamba aliyeupa mtaa ule jina hakuwa akifanya mzaha. Inasemekana kwamba hata jina la mji wenyewe lina asili ya Kimaasai na maana yake ni mahali pa vumbi. Vumbi la kawaida tulilizoea, lile la udongo mwepesi wa volkeno linalotanda juu ya nguo zilizoanikwa na kupenya hadi kwenye sahani zilizofungiwa kabatini. Lakini katika miaka ya ukame lilikuja vumbi la namna nyingine kutoka upande wa kusini, jeupe, lenye kuwasha macho na kuacha ladha ya magadi mdomoni, na hapo watu wazima waliambiana kwa sauti ya chini, kama wanaotaja ugonjwa wa jirani, kwamba ziwa limekauka tena.

Mwaka 1996 shule yetu ya msingi ilitupeleka mbugani, kwenye Ziwa Nakuru. Tulikuwa tumeahidiwa flamingo, ndege ambao Kiswahili sanifu huwaita heroe lakini ambao sisi watoto wa Nakuru hatukuwahi kuwaita jina jingine, kwa kuwa hata mtaa mmoja wa mji wetu unaitwa Flamingo. Tulikuta uwanja mweupe ulioenea mbali, na katikati yake ukanda mwembamba wa maji uliometameta kama kipande cha bati. Mwalimu alituambia kwamba ndege wamehama na kwamba watarudi. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997 zililijaza ziwa, na ndege nao, ingawa si mara moja, wakarudi kwa wingi kiasi kwamba ukiwa juu ya jabali la Baboon Cliff uliona ufuo mzima umevikwa mshipi wa waridi. Kisha mwaka 2013 nilimpeleka mgeni wangu kuuona mshipi huo, tukalikuta lango kuu la hifadhi liko ndani ya maji. Barabara iliteremka na kuzama, ofisi zilikuwa zimehamishwa, na flamingo tuliowaona siku ile tungeweza kuwahesabu kwa kidole. Mgeni akaniuliza: ikiwa ndege hawa walihama kwa sababu maji yamekwisha, inakuwaje wamehama tena kwa sababu maji yamejaa? Sikuwa na jibu wakati ule. Nimelitafuta kwa miaka kadhaa tangu hapo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na neno. Tunaposema ziwa la chumvi, wengi hufikiria chumvi ya mezani, ile iliyomo baharini. Chumvi inayotawala katika maziwa mengi ya Bonde la Ufa yasiyo na mto wa kutokea ni magadi, yaani kabonati na bikabonati ya sodiamu, ileile ambayo mama zetu huitia kidogo kwenye sufuria ya maharagwe makavu ili yaive haraka au kwenye kunde ili zilainike. Hutokana na miamba ya volkeno iliyolizunguka bonde. Maji ya mvua na ya chemchemi hupita juu ya miamba hiyo na ndani yake, huyeyusha sodiamu na kuishusha bondeni. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia katika Ziwa Nakuru, chemchemi za Baharini huingia, na maji machafu ya mji yaliyosafishwa huingia pia, lakini hakuna mto unaotoka. Njia pekee ya kutoka ni kupanda angani kama mvuke, na mvuke haubebi magadi. Maji yameondoka hivyo kwa maelfu ya miaka na magadi yakabaki, hata pH ya ziwa ikafikia 10 na zaidi, ukali ambao ukiutia mkono unahisi utelezi wa sabuni.

Ziwa la aina hiyo halina kimo chake cha kudumu, kwa maana kimo chake ni hesabu tu kati ya kinachoingia na kinachovukizwa na jua. Nakuru, zaidi ya hayo, ni sinia na si sufuria. Kina chake kwa kawaida ni mita chache, na kingo zake ni tambarare, hivyo maji yakiongezeka kwa kimo cha mtu mzima, ufuo husogea mamia ya mita. Wakati huo kiasi cha magadi kilichomo hakibadiliki sana kati ya mwaka na mwaka. Kinachobadilika ni maji yanayoyayeyusha. Ni kama mpishi aliyetia chumvi mara moja asubuhi, kisha kutwa nzima watu wakawa wanakuja kuongeza supu maji au kuiacha ichemke hadi ikaribie kukauka. Aliyezoea kula kwenye sufuria hiyo hana hakika ya mlo wake.

Anayekula humo kuliko wote ni heroe mdogo, mmoja wa aina mbili za flamingo wetu. Katika maji makali kama yale viumbe wengi hawawezi kuishi, na kwa sababu hiyohiyo wachache wanaoweza hujikuta bila mshindani. Mmoja wao ni spirulina, mwani ambao wataalamu waliuita Arthrospira fusiformis na siku hizi wengi huuita Limnospira fusiformis: vijinyuzi vya kijani vilivyojisokota kama springi, ambavyo kimoja kimoja havionekani kwa macho lakini vikishamiri hulifanya ziwa liwe zito na la kijani kama mchicha uliosagwa. Heroe mdogo hukiinamisha kichwa hadi mdomo ukawa juu chini, akavuta maji na kuyasukuma nje kwa ulimi unaofanya kazi kama pampu, na maji yanapotoka hupita kwenye kichujio cha vinyweleo vyembamba ndani ya mdomo ambacho hunasa spirulina. Heroe mkubwa, ambaye watalii wengi hawamtofautishi na mwenzake, ana kichujio chenye nafasi pana zaidi. Yeye hula mabuu ya visubi na vidudu vingine vya majini na matopeni. Rangi ya waridi ya wote wawili hutokana na chakula.

Mtafiti Ekkehard Vareschi, aliyefanya kazi Nakuru mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwakuta heroe wadogo wanaokaribia milioni moja, na akaonyesha kwamba walikuwa wakila zaidi ya nusu ya mwani wote uliozalishwa ziwani. Ndege mmoja hula takriban gramu 60 za mwani kwa siku, uzito huo ukipimwa baada ya kuukausha. Zidisha kwa milioni, upate tani 60: malori sita ya tani 10, kila siku, kutoka katika ziwa ambalo mtu angeweza kulizunguka kwa gari kabla ya chakula cha mchana. Kila ninaposikia mtu akiliita ziwa la magadi ziwa lililokufa, huwa namsomea hesabu hiyo.

Vareschi alishuhudia pia jinsi utajiri huo unavyoweza kutoweka. Mwaka 1974 kina cha maji kilishuka na magadi yakakolea, na spirulina, uliokuwa umetawala ziwa zima, ukaporomoka. Nafasi yake ilishikwa na vijimea vidogo zaidi ambavyo vilikuwa vingi lakini vilipita katika kichujio cha heroe bila kunaswa. Ziwa halikuwa limekauka. Chakula kilikuwamo, ila hakikuwa chakula cha yule aliyekuwa akila, naye akaondoka. Tangu niliposoma habari hiyo nimeacha kuuliza kama ziwa lina maji au halina. Spirulina una kiwango cha magadi unachokipenda, kipana kiasi, na mfumo mzima wa uhai umejengwa juu ya kiwango hicho. Ukikivuka kuelekea ukavu unapotea, na ukikivuka kuelekea maji matamu unapotea vilevile, ingawa kwa njia nyingine.

Njia hiyo ya pili ndiyo tuliyoiona kuanzia mwaka 2010 hivi. Mwaka huo Ziwa Nakuru lilikuwa na eneo la takriban kilomita 40 za mraba. Kufikia 2020 lilikuwa limekaribia 70. Maji matamu hayauui spirulina kwa siku moja. Kinachotokea ni kwamba magadi yanapozimuliwa, ukuta uliokuwa ukiwazuia wengine unabomoka: mwani wa aina nyingine, ambao hapo awali haungeweza kuvumilia, unapata nafasi ya kushindania mwanga na virutubisho, na vidudu vinavyokula mwani navyo vinaongezeka. Mito iliyofurika huleta pia udongo mwekundu kutoka mashambani, maji yanakuwa ya kahawia, na mwanga ambao mwani unauhitaji hauingii mbali. Mwaka 2024 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka King's College London lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa maziwa 22 ya magadi ya Ethiopia, Kenya na Tanzania kwa picha za setilaiti za miaka ya 1999 hadi 2022. Walipima rangi ya maji, maana klorofili, yaani kijani cha mimea, inayoonekana kutoka angani ni kipimo cha mwani uliomo, wakagundua kwamba maziwa yamepanuka huku mwani ukipungua. Nakuru ilitajwa kuwa miongoni mwa zilizopata pigo kubwa: kati ya 2009 na 2022 uso wake ulikaribia kuongezeka maradufu na wastani wa klorofili ukashuka kwa nusu.

Kuna wanaofurahia. Samaki, kwa mfano. Katika miaka ya 1950 na 1960 perege mdogo wa Ziwa Magadi, anayestahimili maji makali, aliletwa Nakuru ili ale mabuu ya mbu, na kuja kwake kuliwaleta mwari weupe, ndege wala samaki, ambao hapo awali hawakuwa na la kufanya pale. Lile lilikuwa badiliko la kwanza, na lililetwa na mkono wa binadamu. Badiliko la pili limeletwa na maji: ziwa lilipozimuka, perege wa maji matamu, akiwemo yule wa Nile anayeuzwa sokoni, walianza kuonekana ndani yake, na pamoja nao furukombe, minandi na wavuvi wa usiku wasiokuwa na kibali. Ziwa hili liko ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo uvuvi umepigwa marufuku. Isitoshe, ziwa lisilo na njia ya kutoa maji hulimbikiza kila linaloletwa na mitaro ya mji na ya viwanda, metali nzito zikiwemo, na wakuu wa afya wamewaonya watu mara kadhaa wasile samaki hao. Samaki wanauzwa hata hivyo. Anayeununua mlo wa familia kwa bei nafuu hana maabara jikoni.

Hasara nyingine haikuwa majini bali ufuoni, na nadhani haijapewa uzito unaostahili. Ufuo wa ziwa la magadi lililo na kina cha kawaida ni uwanda mtupu wa tope na majani mafupi yanayostahimili chumvi. Heroe anauhitaji utupu huo, kwa sababu huruka kwa kukimbia kwanza, na kwa sababu mahali palipo wazi fisi huonekana kutoka mbali. Nyuma ya uwanda huo ilikuwapo nyasi iliyowalisha kuro na nyati, na nyuma ya nyasi msitu wa migunga ya manjano, ile ambayo gome lake hung'aa jioni kama limepakwa unga wa bizari. Maji yalipopanda yalimeza tope, kisha nyasi, kisha yakasimama kwenye mizizi ya migunga kwa miezi na miaka. Mgunga hupenda kuwa karibu na maji. Haupendi kusimama ndani yake. Miti ilikufa imesimama. Wanyama nao hawakuwa na pa kusogea, kwa kuwa hifadhi ya Nakuru ina ukubwa wa kilomita za mraba 188 tu, imezungushiwa uzio pande zote, na ng'ambo ya uzio kuna mji ambao tangu Desemba 2021 unaitwa jiji. Kila kilomita ambayo ziwa linaichukua imetolewa katika malisho ya faru na nyati ambao hawawezi kuhama kama flamingo.

Na flamingo walihamia wapi? Jibu la kwanza ni Bogoria, ziwa lililo kaskazini, ndani ya kaunti ya Baringo. Nakuru ni sinia, nimesema. Bogoria ni sufuria refu, lina kina cha mita 10 na zaidi, magadi yake ni makali kupita bahari, na kulizimua kunahitaji maji mengi. Ndiyo maana katika miaka ambayo Nakuru ilikuwa ya kahawia, Bogoria iliendelea kuwa ya kijani kwa kiasi fulani, na heroe wakasongamana huko kwa mamia ya maelfu. Lakini Bogoria nayo ilipanda. Ililimeza lango la Loboi pamoja na barabara, na baadhi ya chemchemi za maji moto zilizokuwa zikiruka ufuoni zikazama, hali ambayo haikuwa hasara ya watalii wanaochemsha mayai pekee, maana chemchemi za kando ya ziwa ndizo zinazowapa heroe maji yasiyo makali ya kunywa na kuogea. Waendorois, wenye asili ya pale, walipoteza malisho na maeneo ya ibada. Kwa muda watu walikuwa na hofu kwamba Bogoria ingekutana na Baringo, ziwa la maji matamu lenye mamba na samaki lililoko umbali wa kilomita 20 hivi, kwa sababu yote mawili yalikuwa yakitambaa kuelekeana.

Hofu hiyo haikutoka hewani, na anayetaka kujua kukutana kwa namna hiyo huzaa nini aangalie Oloidien. Hilo ni ziwa dogo ubavuni mwa Naivasha. Zamani lilikuwa kama ghuba ya Naivasha, lenye maji matamu. Naivasha iliposhuka, likatengwa, likaanza kuvukizwa pasipo kupata maji mapya, na magadi yakakolea hadi spirulina ukaota. Katika miaka ya 2000 heroe wakatua, na wenye mashua wakapata riziki mpya ya kuwapeleka wageni kuwatazama. Kisha maji yakapanda, ukingo uliolitenga ukafunikwa, Naivasha ikaingia ndani, na riziki ile ikaisha. Ziwa la magadi lilizaliwa na likazimuliwa katika muda ambao mtoto huchukua kukua na kuoa.

Hata hivyo, kula ni nusu ya maisha. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki hutaga takriban wote katika ziwa moja, Natron, chini ya mlima wa volkeno wa Oldoinyo Lengai upande wa Tanzania, na inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wamezaliwa pale. Mwaka 1954 Leslie Brown, mtaalamu wa ndege, alithibitisha kwamba wanataga huko. Alijaribu kuyafikia makoloni yao kwa miguu, na magadi yakamchoma miguu vibaya hata akalazwa hospitalini. Ukali huohuo ndio ukuta wa kitalu. Ndege hujenga vichuguu vya tope mbali na ufuo, kila jozi ikataga yai moja tu juu ya kichuguu, mahali ambapo mbweha na fisi hawawezi kufika. Lakini mpango huu unategemea kimo cha maji kuliko kitu kingine chochote. Maji yakiwa machache mno, tope linakauka na kuwa daraja la fisi; yakiwa mengi mno, vichuguu vinafunikwa, au havijengwi kabisa, kwa kuwa tope lote liko chini ya maji. Mvua kubwa za 1961, zile ambazo wazee huzihusisha na Uhuru, ziliifurisha Natron, na mwaka uliofuata heroe wakajaribu kutaga Ziwa Magadi, upande wa Kenya. Huko vifaranga waliganda pingu za magadi miguuni, na watu wa kujitolea wakaingia kuwavunjia pingu hizo mmoja mmoja ili wasife. Maelfu waliokolewa. Sijui kisa kingine kinachoeleza vizuri zaidi kwamba ndege hawa wana mlango mmoja tu wa kuzaliana, na kwamba ufunguo wake umo katika sentimita chache za maji.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa 1996 hakutudanganya, ila alikuwa akieleza dunia ya wakati wake. Heroe hawakuwahi kuwa ndege wa ziwa moja. Ziwa hili likikauka wanaenda lile, lile likifurika wanarudi hili, wakisafiri usiku kutoka Nakuru hadi Elmenteita, Bogoria, Magadi na Natron, na mfumo huo ulifanya kazi kwa kuwa maziwa hayakuugua kwa pamoja. Kinachonitia wasiwasi kuhusu muongo wa 2010 ni kwamba yalipanda yote. Nakuru, Elmenteita, Bogoria, Baringo, Naivasha, kila moja likajaa kwa wakati mmoja, na ndege aliyezoea kuwa na pa kukimbilia akakuta kila kibanda kimefurika. Hifadhi tunazozipiga picha na kuziwekea uzio zimepangwa kwa ziwa mojamoja. Orodha ya Urithi wa Dunia, ambayo mwaka 2011 iliyaingiza Bogoria, Nakuru na Elmenteita kwa pamoja kama mfumo mmoja, ilikaribia ukweli zaidi, lakini nayo iliishia mpakani na haikuifikia Natron.

Kuhusu chanzo, nimesikia mengi. Wapo wanaosema ni nyufa za ardhi zilizoziba chini ya ziwa, na katika bonde lililoumbwa na nyufa mtu hawezi kuyapuuza maneno hayo moja kwa moja. Lakini maelezo ambayo yana uzito zaidi kwangu ni mvua, iliyonyesha kwa wingi katika miaka hiyo na kukithiri mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilipopata joto upande wetu, pamoja na hali ya ardhi ambayo mvua hiyo iliangukia. Msitu wa Mau ndio tangi la maji la maziwa kadhaa kati ya haya. Sehemu kubwa ya Mau Mashariki iligawiwa watu na kulimwa katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, na maji ambayo msitu uliyanywesha ardhi taratibu sasa yanashuka kwa kasi siku ileile ya mvua, yakiwa na udongo wa shamba. Mto Ewaso Ng'iro wa kusini, unaomwaga maji Natron, nao huanzia Mau. Yaani jembe linalolima juu ya kilima kimoja linaweza kugusa sahani ya heroe huku Nakuru na kitanda chake kule Tanzania. Naongeza kwamba ardhi isiyo na msitu huleta matatizo pande zote mbili: wakati wa mvua huleta mafuriko, na wakati wa kiangazi haina kitu cha kutoa, ndiyo maana siamini wanaosema kwamba kujaa huku kumetuondolea hofu ya kukauka. Kwingineko duniani mara nyingi kilio ni cha ukavu. Ziwa Urmia la Iran limepoteza sehemu kubwa ya maji yake, na Great Salt Lake la Marekani mwaka 2022 lilishuka kuliko wakati wowote tangu lianze kupimwa. Sisi tumeonja yote mawili ndani ya umri wa mtu mmoja.

Watu nao ni sehemu ya mfumo wa uhai, ingawa vitabu vya ikolojia huwataja mwishoni. Ripoti ya serikali ya Kenya ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa kuliwaathiri watu wanaokaribia 400,000. Huku kwetu, Mwariki na Barut ndiko ziwa lilikopita uzio na kuingia majumbani. Nilimtembelea mama mmoja rafiki wa familia ambaye nyumba yake ilikuwa imefikiwa na maji hadi dirishani. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia, "Mwanangu, tulinunua kiwanja huku kwa sababu kulikuwa kukavu." Alikuwa amehifadhi hati ya kiwanja katika mfuko wa plastiki.

Mara ya mwisho kuingia hifadhini tulikaa na askari mmoja wa wanyamapori, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, tukaitazama migunga iliyokufa ndani ya maji. Maji yalikuwa yameshuka kidogo, na nikaona matawi na vigogo vimepakwa weupe, tabaka nene lililoteremka hadi karibu na maji. Nikafurahi. Nikamwambia kwamba magadi yanarudi, kwamba yale ni mabaki yanayoachwa na maji yanapopungua, kama pete inayobaki ndani ya sufuria, na kwamba huenda spirulina nao ukarudi. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu ya mtu aliyezoea wageni. Kisha akaninyooshea kidole juu ya matawi, ambako ndege weusi wenye shingo ndefu walikuwa wamejipanga kwa mamia kwenye viota vyao, wakikausha mabawa baada ya kuvua samaki.

"Yale si magadi, kijana wangu," akasema. "Ni mavi ya minandi."